Andasibe: nilienda kumsikiliza babakoto

Kama umefika Antananarivo, mji mkuu wa Madagaska, na una siku mbili tatu tu mkononi, nakuomba usizimalizie zote mjini. Shika barabara ya mashariki, ile RN2 inayokwenda hadi bandari ya Toamasina, shukia Andasibe. Ni kama kilomita 140 na ushee kutoka mji mkuu, na ndo sehemu rahisi kuliko zote kumwona indri, mkubwa kuliko lemuri wote waliobaki duniani (lemuri ni wale wanyama wa mitini wa Madagaska, ndugu wa mbali wa komba), wenyeji wanamwita babakoto. Watu wengi wanasema wanaenda kumwona. Mi baada ya kwenda nasema unaenda kumsikia, kumwona ni nyongeza.

Barabara yenyewe sio ya kulala usingizi. Ukishaacha nyanda za juu unaanza kushuka, kona juu ya kona, na malori ya makontena yanapanda kutoka bandarini yanakuja usoni kwako, mengine yamepaki katikati ya kona yameharibika na dereva yuko chini ya injini. Kwenye ramani unaweza kusema masaa mawili na nusu, andaa manne au zaidi. Unapita Moramanga, mji mdogo wenye pilikapilika, pale simama ule wali maana Madagaska wali ni asubuhi mchana na jioni, na baada ya chakula wanakuletea maji yaliyochemshwa kwenye sufuria yenye ukoko wa wali, wanaita ranovola, yana harufu ya moshi kidogo, mi niliyapenda kuliko soda. Na pale pale toa hela zako benki, ariary taslimu, noti ndogo ndogo, maana kijijini Andasibe usije ukategemea kadi.

Sasa kuhusu hifadhi yenyewe, watu huwa wanachanganya. Jina rasmi ni hifadhi ya taifa ya Andasibe-Mantadia lakini ni vipande viwili. Kuna Analamazaotra, kipande kidogo karibu na kijiji, hekta 800 na kitu tu, na kuna Mantadia ambako ni mbali kidogo kwa barabara mbovu, msitu mkubwa zaidi, milima, unahitaji siku nzima na miguu yenye nguvu. Afu pembeni kuna msitu unaosimamiwa na chama cha wanakijiji wenyewe kinaitwa Mitsinjo, na huo msitu usiudharau, nitaurudia huko mbele. Kama muda wako ni mfupi, asubuhi Analamazaotra, usiku Mitsinjo, umemaliza na umeona mengi.

Kuingia bila mwongozaji hairuhusiwi. Unalipa kiingilio getini, unalipa mwongozaji kando, na waongozaji wa pale ni watu wa vijiji vya hapo hapo. Huyu wetu alikuwa kaka mmoja mpole, mkimya, kazaliwa hapo, tangu mtoto anapita kwenye huo msitu. Nilifikiri hii kanuni ya mwongozaji ni ya kukusanya hela tu, lakini ndani ya dakika kumi nimeelewa. Anasimama, ananyoosha kidole kwenye gome la mti, anasema angalia. Naangalia, naona gome. Anasema angalia tena. Mjusi! Amelala kichwa chini, kajibanza, ana vipindo vya ngozi ubavuni vinamfanya asiwe na kivuli, rangi ya ukungu na kuvu ya mti ule ule, mpaka macho yake yamefanana na gome. Ningepita hapo mara mia nisimwone.

Tuliingia mapema sana, bado kuna ukungu. Andasibe iko juu, karibu mita elfu moja kutoka usawa wa bahari, kwahiyo asubuhi ni baridi ya kweli, usije na mashati ya mikono mifupi ukifikiri kisiwa maana yake joto. Msitu unadondosha maji hata kama hakuna mvua. Mikadi, mikangaga mirefu kama miti, okidi zimekaa juu kwenye matawi, kila kitu kina moss, ule ujani laini kama zulia. Na kimya kile si kimya cha kawaida, unasikia matone tu.

Kuwahi kuna sababu. Indri anaamka kukishapambazuka, anakula majani machanga, anaimba zaidi masaa ya asubuhi, na mchana ukishasonga anapumzika, jioni kabla hata giza halijaingia ameshapanda juu kulala. Ukija saa nane mchana na basi la watalii utaona manyoya meusi juu kabisa kwenye matawi, utarudi useme indri hana lolote.

Tukamkuta, au niseme wakatukuta. Familia: mama, baba, mmoja mkubwa mkubwa hivi, na mtoto mgongoni kwa mama. Ilikuwa Oktoba, na hawa huzaa kwenye mwezi wa tano au wa sita, kwahiyo mtoto alikuwa ameshaacha kuning'inia tumboni kwa mama kahamia mgongoni, ameng'ang'ania kwa mikono yote, anatugeuzia uso. Mweusi na mweupe, masikio ya mviringo yenye manyoya, macho ya kijani yenye unjano. Mkia hana, kakipande kadogo tu, na hiyo ndo inamtofautisha na lemuri wengine wote ambao mikia yao ni mirefu. Anafika kilo tisa hivi. Na anavyoruka jamani! Anakaa wima ameshika shina, anajisukuma kwa miguu, anageuka hewani, anatua kwenye shina lingine wima vilevile, mita kumi kwa mruko mmoja, na mtoto yuko mgongoni wala hajatikisika.

Afu kwa mbali sana, upande wa pili wa bonde, ikaanza.

Kwanza ni familia nyingine, sauti nyembamba inafika kama inatoka chini ya maji. Hawa wetu wakaacha kula, wote kwa pamoja. Kaka mwongozaji akatuwekea mkono, simameni. Mama akafungua mdomo, midomo yake imechongoka mbele, na hapo ndo nikaelewa nilichokuwa nasoma na kusikia kwenye video si chochote, kwa sababu video haikutikisi kifua. Wanaanza na ngurumo kama ya kukoroma kwa pamoja, halafu zinakuja sauti ndefu, zinapanda, zinakaa juu, afu zinashuka ngazi kwa ngazi, mmoja anaanza mwingine anaipokea, baba anaingia, yule kijana anaingia, na wewe uko chini yao mita chache. Ukiwahi kusimama karibu na mtu anayepuliza siwa utakuwa na picha kidogo ya ule mtetemo. Sikupiga picha hata moja wakati ule, simu ilikuwa mkononi na niliisahau. Walipomaliza, bonde la pili likajibu, na nyuma yetu wengine wakajibu, ikawa msitu mzima unaitana.

Kaka akatueleza kwamba ule wimbo unabeba kilomita mbili na zaidi, na kazi yake ni kuwaambia majirani sisi tupo hapa, hii sehemu ina wenyewe, na pia kutafutana wakipotezana. Kila familia ina eneo lake na wanaheshimiana kwa kuimba badala ya kupigana. Mwaka 2021 watafiti walichapisha kwamba nyimbo za indri zina mapigo yenye mpangilio kama ya muziki wa binadamu: muda kati ya sauti moja na inayofuata unalingana, au mmoja unakuwa mara mbili ya mwingine. Mi nilipolisoma hilo baadaye sikushangaa hata kidogo. Niliyasikia mapigo yale kwa masikio yangu.

Na hapa ndo pana jambo ambalo nataka kila mtu alijue. Indri hafugiki. Watu wamejaribu kumtoa msituni kumpeleka kwenye bustani za wanyama, indri hao wakafa. Leo hakuna bustani ya wanyama popote duniani yenye indri. Wanyama wengine walio hatarini angalau kuna akiba yao sehemu, wanazalishwa, siku moja wanaweza kurudishwa. Huyu hana akiba. Anazaa mtoto mmoja tu kila baada ya miaka miwili au mitatu, anakula majani ya msitu huu wa mashariki, na msitu huu ukiisha wimbo umeisha. Ndo maana nasema hii sio safari ya kuona mnyama ambaye utamwona tena kwingine.

Tulipokaa kupumzika nikamuuliza mwongozaji kuhusu hili jina, babakoto. Akacheka akasema hadithi ziko nyingi, kila kijiji na yake, yeye ya kwao ni hii: mtu alipanda mti mrefu kurina asali, nyuki wakamvamia, akaachia, akaanguka, na indri akamdaka njiani akamrudisha chini salama. Tangu hapo ukoo wake wakaapa hawatamgusa indri. Kwa hiyo kumuua au kumla ni fady, mwiko, na kaka akasema bibi yake hata kumnyooshea kidole alikuwa anakataza, unamwonesha kwa kiganja au kwa kukunja kidole. Nikatazama, kumbe asubuhi yote alikuwa anatuonesha kwa mkono uliofungwa na mi sikulijali! Mijusi ndio alikuwa anawanyooshea kidole.

Ule mwiko umewalinda indri kwa vizazi na vizazi kuliko sheria yoyote. Lakini kaka alisema wazi kwamba unapungua nguvu. Watu wanahamia kutoka sehemu nyingine za nchi kufuata machimbo na ardhi, hawana mwiko huo, na mtu mwenye njaa huwezi kumhubiria. Aliongea kwa heshima, hakumlaumu mtu, na mi nadhani yuko sahihi, maisha ya vijijini pale ni magumu, unayaona ukiwa barabarani tu, magunia ya mkaa yamepangwa pembeni kilomita baada ya kilomita. Mkaa ule ni miti.

Asubuhi hiyo hiyo tulimwona simpona, lemuri ambaye kwa Kiingereza anaitwa diademed sifaka, na kwa uzuri peke yake yeye anamshinda indri, nisamehewe. Mgongo wa kijivu, mikono na miguu ya rangi ya dhahabu inayoelekea chungwa, uso mweusi umezungukwa na weupe. Kumbe hawa walikuwa wameshatoweka Analamazaotra tangu miaka ya 1970, wakawindwa wakaisha. Kuanzia 2006 wakaletwa wengine kutoka misitu ya jirani iliyokuwa inaharibiwa, pamoja na lemuri wale wa mweusi na mweupe wenye manyoya shingoni, na wakashika, wanazaa. Nilivyoambiwa hivyo nikamwangalia upya yule mama simpona aliyekuwa anatafuna majani juu yetu. Kuna watu walibeba wazazi wake kwenye masanduku wakiomba wasife njiani.

Tuliona pia lemuri wa kahawia, hawa hawana wasiwasi wanapita kwa kundi huku wanakoroma kama wanasemezana, na lemuri wa mianzi, mdogo, wa kijivu, amekaa ndani ya mianzi anamenya machipukizi kwa meno. Na lemuri wanaoitwa avahi, wenye manyoya kama sufi, wa usiku hao, mchana wamelala wamekumbatiana kwenye matawi yaliyosokotana, macho nusu wazi. Katika lemuri wengi jike ndo bosi, anakula kwanza, dume anasogea. Kaka alisema hivyo bila kuongeza neno, akina mama kwenye msafara wetu wakapiga makofi.

Sasa usiku. Ndani ya hifadhi ya taifa kutembea usiku hakuruhusiwi, kwahiyo matembezi yanafanyika pembezoni mwa barabara au kwenye msitu wa Mitsinjo. Chagua Mitsinjo. Vaa tochi ya kichwani, tembea taratibu, na usiangalie mnyama, angalia macho: mwanga wa tochi ukiyapiga yanarudisha nukta mbili za rangi ya moto. Wa kwanza tuliomwona ni lemuri panya. Jamani, gramu hamsini hivi! Mwili wake unaenea kwenye kiganja, macho makubwa kupita kichwa, anakimbia juu ya kijiti chembamba anasimama anakuangalia. Kwa wanaomjua komba, huyu na komba ni ndugu wa mbali, utaona hata usoni. Na kuna lemuri mwingine wa usiku mwenye mkia mnene, ule mkia ni ghala la mafuta, msimu wa baridi analala miezi kadhaa mfululizo anaishi kwa hayo mafuta, Oktoba ndo anakuwa ameamka na kazi yake ni kula tu. Vinyonga pia, usiku ndo rahisi kuwaona maana wanapauka wakilala, tukamwona yule mkubwa anayeitwa kinyonga wa Parson kalala kwenye tawi usawa wa uso wangu. Karibu nusu ya aina zote za vinyonga duniani wako Madagaska.

Nilikaa nikifikiria hivi viumbe vilifikaje. Kisiwa kilishaachana na Afrika zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, lemuri hawakuwepo bado, hata babu zao. Walikuja baadaye sana, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba wachache walivuka mlango bahari wa Msumbiji wakiwa juu ya magogo na mimea iliyong'olewa na mafuriko. Kilomita 400 na zaidi za bahari! Wakakuta kisiwa hakina nyani wala tumbili wa kushindana nao, wakagawanyika, mwingine akawa wa gramu hamsini mwingine akawa mkubwa kama sokwe. Hao wakubwa hawapo tena, wametoweka ndani ya miaka elfu chache tangu binadamu afike, mifupa yao ndo imebaki. Kwahiyo indri ndiye mkubwa wa leo kwa sababu waliomzidi wote wameisha.

Kuna mambo mawili nataka kuyasema kwa uzito. La kwanza, kuna waongozaji wanawapigia indri sauti iliyorekodiwa kwenye simu au spika ili waimbe haraka, mtalii apate video aondoke. Tulisikia kundi lingine wanafanya hivyo ng'ambo ya kijito. Indri anafikiri mgeni kaingia kwenye eneo lake, anaacha kula, anaanza kujibu, na kesho tena, na keshokutwa tena. Mwambie mwongozaji wako kabla hamjaanza kwamba hutaki hiyo kitu, uko tayari kusubiri. Wengi wanafanya kwa sababu wageni wanalalamika, ukimwondolea hiyo presha anafurahi. La pili, vile visiwa ambapo lemuri wanakurukia begani kwa ndizi upige nao picha. Najua picha zinapendeza. Lakini mi baada ya kuwaona juu ya miti wakiwa na shughuli zao, siwezi kukushauri uende, na ile hela ya kiingilio ingemlipa mwongozaji wa msituni.

Kwa sababu hali ni mbaya, lazima isemwe. Mwaka 2020 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, lilitangaza kuwa kati ya aina 107 za lemuri, 103 ziko hatarini, na 33 kati ya hizo ziko kwenye ngazi ya mwisho kabla ya kutoweka porini, indri akiwemo. Ukipanda sehemu iliyoinuka pale Andasibe unaona kwa macho: msitu wa asili ni kipande, afu vilima vya mikalitusi, afu vilima vilivyochomwa kwa ajili ya kulima mpunga, afu kipande kingine cha msitu kule. Indri hawezi kutembea kwenye uwazi huo, anaruka mti hadi mti. Watu wa Mitsinjo wana kitalu cha miche ya miti ya asili na wanapanda kuunganisha vipande hivyo, unaweza kulipia mche ukaupanda mwenyewe. Nimepanda. Kijana wa kitaluni alinionesha namna ya kukandamiza udongo, nilikuwa naubonyeza sana, akaniambia mizizi nayo inataka kupumua.

Kwa anayepanga: Septemba hadi Novemba ndo vizuri, lemuri wana watoto, vinyonga wameamka, mvua haijakolea. Januari hadi Machi ni mvua kubwa na vimbunga vya pwani ya mashariki, barabara inaweza kukatika. Julai kunakuwa na baridi na wanyama wengi wa usiku wamelala. Mvua ikinyesha ruba wanatoka, ni wadogo, hawana madhara, chomeka suruali ndani ya soksi. Beba koti la mvua, darubini hata ndogo, tochi yenye betri mpya, na kamera zima flashi usiku, macho ya wale wadogo hayastahimili.

Mantadia nimeiacha, muda haukutosha. Kaka mwongozaji alisema kule indri wana manyoya meusi zaidi kuliko hawa wa Analamazaotra, na kuna kinamasi cha Torotorofotsy sio mbali ambako msimu wa mvua wanatoka vyura wadogo wa rangi ya dhahabu ambao ukiacha eneo hili la Moramanga hawapatikani porini pengine popote. Nimeshaanza kuweka akiba, na safari hii nitalala huko huko karibu na msitu siku nyingi zaidi ili niwahi wimbo wa kwanza wa asubuhi na sio wa pili.